Kutembea na boti ya tanga kutoka Dar hadi Kilifi: ramani, simu na wazee wa diko (pale vyombo vya wavuvi vinapoegeshwa)

Watu wananiuliza sana waanzie wapi. Mtu kanunua boti ya tanga ya mtumba au kaazimwa na rafiki, anajua kuvuta kamba na kugeuza tanga hapo Msasani, sasa anataka kutoka, avuke Unguja, apande Pemba, arudi bara Tanga, ikibidi afike Kilifi. Na swali la kwanza karibu wote ni lile lile, niweke programu gani ya ramani kwenye simu? Tutafika huko. Ila mimi niliyepwelewa (kukwama chini maji yakipwa) mara mbili na kupanda mwamba mara moja (moja inatosha) naona swali la kwanza ni jingine: mkuku wako, ule uti wa chini ya boti, unashuka kiasi gani? Nataka sentimita, usiniambie "kama mita hivi". Boti yangu ni ya futi 28, mkuku unashuka mita 1.5, na karibu kila kitu nachoandika hapa kinazunguka hiyo namba.

Sababu ni hii. Pwani yetu wanaoijua kuliko ramani yoyote ni manahodha wa mashua na wavuvi wa ngalawa, na vyombo vyao havina mkuku wa kwenda chini kama yoti. Ngalawa inapita maji ya magotini. Kwahiyo mzee akikwambia "hapo panapita" hajakudanganya, panapita kweli, kwa chombo chake. Wewe ndo ulitakiwa umwambie chombo chako kina nini chini.

Kwanza upepo, na hapa nitakimbia kidogo maana aliyekulia pwani anajua. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inaingia Desemba hadi Machi, kusi, wa kutoka kusini, inashika kuanzia Aprili, Mei hivi mpaka Septemba na inakuwa kali Juni na Julai, katikati ya misimu kuna matlai, upepo wa mashariki, na zile siku za tanga mbili upepo haujielewi. Ambalo wengi hawalijui ni mkondo. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, haugeuki eti kwa sababu upepo umegeuka. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinakwenda pamoja na mkondo unaweza kufika noti 4 (maili za baharini kwa saa) sehemu za nje, kwahiyo Dar kwenda Kilifi unateremka kama gari mlimani. Kurudi sasa! Usijaribu kurudi kusini Julai kwa tanga, utabisha (kwenda zigizaga upepo ukiwa usoni) siku nzima, jioni ukiangalia bado unauona mnara ule ule wa simu ulioamka nao. Subiri kaskazi, mkondo unapungua nguvu na upepo unakusukuma kutoka nyuma. Lakini hapo ujue upepo unakuja unapambana na mkondo, na kwenye mkondo wa Pemba (ile bahari kati ya Pemba na bara) mawimbi yanakuwa mafupi yamesimama wima, boti inapiga kichwa chini kila sekunde chache na kila kitu kabatini kinashuka sakafuni. Ukifika juu kabisa, Malindi kuelekea Lamu, wakati wa kaskazi kuna mkondo mwingine unashuka kutoka Somalia na hiyo miwili inakutana, kwahiyo huko hesabu yako ya Tanga itupe.

Na umande usiudharau. Alfajiri upepo mwembamba unatoka bara, bahari imelala, hata wakati wa kusi unaweza kuiba maili 15 za kurudi kusini kabla ya saa nne ukiwa karibu na pwani ndani ya miamba. Mashua zote zinazotoka diko saa kumi na moja alfajiri hazijatoka mapema kwa kupenda baridi.

Utabiri wa simu uangalie, Windy au PredictWind, zote ziko sawa kwa upepo wa msimu ila zinakosea upepo wa karibu na nchi kavu. Halafu soma na taarifa ya bahari ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa Kenya idara yao ya hali ya hewa. TMA wanataja kilomita kwa saa, kwahiyo wakisema upepo mkali wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hiyo ni kama noti 22, na kwa futi 28 mimi hiyo siku nabaki nakunywa kahawa. Kimbunga watu husema hakifiki kwetu. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, na TMA walikuwa wametoa tahadhari siku kabla.

Maji ndo yenyewe

Hapa nataka utulie maana boti nyingi zinaumia hapa. Unguja na Dar wakati wa bamvua (siku za maji makubwa) tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 3.5 mpaka 4. Mombasa ni pungufu kidogo, 3 na kitu. Maji mafu (siku za maji madogo) tofauti inashuka mpaka mita moja na kidogo tu. Maana yake fungu (tuta la mchanga chini ya maji) lile lile leo unapita juu yake hujui kama lipo, wiki ijayo watoto wanachezea mpira hapo.

Jedwali la maji linatolewa na mamlaka za bandari, TPA kwa Tanzania na KPA kwa Kenya, lipate la mwaka huo uwe nalo la karatasi. Simu nayo ina programu za maji kibao. Ila kuna njia ya wazee ambayo haihitaji chaji na mimi naitumia kuhakiki programu: angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, na siku za bamvua maji yanajaa saa kumi hivi kuelekea kumi na moja, jioni na alfajiri, na yanapwa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Baada ya wiki umefika maji mafu, mambo yamegeuka, saa nne ndo yanajaa. Ukijua leo mwezi ngapi, unajua maji. Siku moja programu yangu iliniambia maji yanajaa saa saba mchana na mwezi ulikuwa mpevu usiku wa jana yake, nikajua kuna kitu, kumbe simu ilikuwa imejiweka saa za nchi nyingine. Saa tatu za makosa kwenye bamvua ni kama mita 2 za maji, wewe fikiria.

Sasa hesabu. Tuseme mlango wa kuingilia mahali ramani inaandika kina 0.5, yaani nusu mita maji yakipwa kabisa. Leo bamvua, yanapwa saa nne asubuhi kwenye 0.3 na kujaa saa kumi jioni kwenye 3.9. Tofauti 3.6, gawa kwa 12, unapata 0.3. Maji hayapandi sawasawa kila saa, yanaanza polepole, katikati yanakimbia, mwisho yanapoa tena: saa ya kwanza sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwahiyo saa tano maji ni 0.6, saa sita 1.2, saa saba 2.1, saa nane 3.0. Mimi nataka 1.5 ya mkuku na nusu mita ya roho kutulia, jumla 2.0, ramani inanipa 0.5, kwahiyo nahitaji maji ya 1.5. Jibu, saa sita na nusu hivi naweza kuingia, na saa saba naingia bila kushika pumzi. Ukiona namba kwenye ramani ina mstari chini yake, hiyo siyo kina, ni ardhi inayotokeza maji yakipwa, hapo unatoa, huongezi. Kuna mtu namfahamu alijumlisha.

Sheria mbili sivunji. Moja, ingia mahali usipopajua maji yakiwa yanajaa, ukigusa chini unasubiri dakika kumi unaelea. Mbili, usiingie mahali pa wasiwasi kwenye kilele cha bamvua, maana ukikwama pale juu kabisa maji ya kesho kutwa yatakuwa madogo kuliko hayo yaliyokupandisha, na unaweza kukaa hapo wiki mbili ukisubiri mwezi.

Ramani, na kwanini simu inasema uko nchi kavu

Navionics ndo wengi wanatumia, inalipiwa, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida. OpenCPN ni ya bure kwenye kompyuta na ni nzuri mno ukiwa na subira ya kuipanga. Nunua na ramani ya karatasi ya Admiralty ya Uingereza kwa kipande unachokwenda, hata moja tu ya picha kubwa, kwa sababu maji ya chumvi na simu havipatani.

Lakini elewa ramani zote hizi za kwenye skrini zimetoka wapi. Vipimo vingi vya pwani hii ni vya zamani, kazi ilianza na Waingereza miaka ya 1820, kapteni Owen na meli yake Leven (ndo jina la lile fungu kati ya Unguja na Pemba, Leven Bank, ambapo huwezi kugonga chini ila maji yanachemka vibaya mkondo ukiwa mkali). Njia za meli kubwa za Dar na Kilindini, bandari ya Mombasa, zimepimwa upya. Vihori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) na milango midogo ambako yoti ndo inapenda kwenda, bado unategemea kazi ya watu waliotupa bildi (risasi ya kamba ya kupimia kina) wakiwa kwenye mashua ya makasia. Na GPS yako haikosei, ni ramani ndo imekaa pembeni. Usiku mmoja Pemba tumetia nanga vizuri kabisa kwenye mita 8, simu inatuonyesha tuko ndani ya mikoko, kama mita 200 kutoka majini. Tukacheka, lakini hebu geuza hiyo picha: simu ingeonyesha tuko majini na sisi tunaelekea kwenye mikoko.

Dawa ni picha za setilaiti. Zidaunlodi nyumbani kwenye waifai, kipande kwa kipande, usitegemee bando katikati ya bahari. OpenCPN inakubali picha hizo ziwekwe chini ya ramani, na kwenye simu skrinishoti za Google Earth tu zinasaidia kuliko unavyodhani. Tafuta picha iliyopigwa maji yakiwa yamepwa, fungu jeupe na mwamba wa kahawia vinaonekana kama vimechorwa kwa chaki. Ukivuta nyuma miaka unapata picha za tarehe tofauti, na ukiona fungu limehama kati ya picha mbili, basi ujue ni mchanga unaotembea na hata picha ya mwaka jana usiiamini. Mdomo wa mto Pangani ni hivyo, mchanga unahamahama, pale mimi siingii bila mtu wa pale.

Ukisha pita mahali salama, hifadhi njia yako kwenye GPS. Njia uliyopita mwenyewe na saa uliyopita na maji yalikuwaje, hiyo ndo ramani bora utakayokuwa nayo. Njia ya mtu mwingine ipokee kwenye WhatsApp ila muulize boti yake inashuka kiasi gani na alipita maji gani. Nimewahi kutumiwa njia safi kabisa ya mtu mwenye katamarani ya sentimita 80.

Kuuliza

Hili hakuna programu. Ukifika diko usiende na simu mkononi unauliza "samahani, kina ni mita ngapi?" Hakuna anayejibu hivyo. Salimia wote, kaa, kahawa ikiwepo kunywa, na usiulize kijana wa kwanza anayekukimbilia kwa sababu yeye anataka kukupeleka kuona pomboo. Uliza nahodha mzee ni nani hapa.

Tanga mzee mmoja alinifundisha hili bila kujua anafundisha. Nikamwambia shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwuliza mlango wa ndani ya kisiwa unapita? Unapita, akasema, sisi tunapita kila siku. Nikanyoosha mikono, nikamwambia mzee, chombo changu chini kina mkuku, unashuka kidogo pungufu ya pima (urefu wa mikono miwili ikinyooshwa). Akaniangalia mikono, akaangalia boti kule mbali. Akasimama, akaweka kiganja chini ya kidevu. "Mpaka hapa?" Hapa, nikasema. Akakaa chini tena. "Aa. Basi wewe hupiti. Wewe zunguka nje, au ngoja bamvua saa tisa, uache kipwa (mwamba unaotokeza maji yakipwa) mkono wa kushoto, ukiona mbuyu umekaa juu ya ile nyumba ya bati jeupe, ndo ugeuke." Swali moja, majibu mawili, tofauti ni mikono tu.

Kwahiyo onyesha kwa mwili wako, kifuani, kidevuni. Halafu uliza hivi: jahazi lenye mzigo linapita wapi, na linapita maji gani? Jahazi lililopakia linazama zaidi kuliko mashua tupu, njia yake ndo inakaribia yako. Uliza wakati wa kaskazi wao wanalala wapi na wakati wa kusi wanahamia wapi, maana bandari nzuri ya Julai inaweza kuwa chungu cha maji yanayochemka Januari. Forodhani hapo Unguja mjini ni mfano, pazuri sana kwa picha, ila upepo ukikugeukia unalala umeshika kitanda. Uliza nyavu zinatandazwa wapi usiku. Uliza chini ni nini, mchanga, tope au mawe, kwa sababu nanga. Na majina yaandike kama yanavyotamkwa, fungu hili, kipwa kile, ramani ya Admiralty ina majina yake na wavuvi wana yao, usiku kwenye simu mvuvi akikwambia usipite karibu na fungu fulani unatakiwa ujue ni lipi.

Ukipata mtu, mlipe. Ukimchukua kama rubani mpaka mlango unaofuata mkubaliane kabla, nauli ya kurudi na chakula juu yako. Ni bei ndogo kuliko fundi wa faiba.

Macho

Kuingia kati ya miamba fanya jua likiwa juu na nyuma yako, saa nne asubuhi mpaka saa nane, tisa hivi. Mtu mmoja asimame omo (mbele ya boti), ikiwezekana apande kidogo mlingotini, miwani ya jua ile inayokata mng'ao. Buluu nzito ni kilindi, kijani mpauko ni mchanga na kina kinapungua, nyeupe usiende, kahawia ni mwamba au majani na usikae kujadiliana ni kipi. Wingu likifunika jua simama, subiri lipite. Jua likiwa mbele yako bahari yote ni bati moja, huoni kitu. Na masika sahau rangi karibu na mito, Malindi maji ya mto Sabaki yanageuza bahari chai ya maziwa mbali sana kutoka pwani.

Usiku kama unaweza usitembee karibu na nchi. Mnara wa taa wa Chumbe upo pale tangu 1904, na maboya ya bandari ukiingia kutoka baharini nyekundu yanakaa kushoto, kijani kulia, hiyo kote Kenya na Tanzania. Lakini taa ya boya usiiamini kama huioni ikiwaka kwa macho yako. Wavuvi wengi hawana taa kabisa, wana tochi ya simu wanayokuwashia ukiwa umeshafika, na nyavu zao boya lake ni dumu tupu la mafuta ya kupikia. Dar kwenda Unguja, kama maili 40, ongeza na boti za kasi za abiria, hizo zinafika kabla hujamaliza kusema "ile nini".

Redio weka chaneli 16, ya wito na dharura, muda wote. Mombasa kuna kituo cha uokoaji cha kanda tangu 2006, Dar nako kipo. Beba laini za simu za nchi zote mbili, karibu na pwani simu inashika vizuri na mara nyingi ndo inayokuokoa. Karatasi: Unguja na Pemba zina mamlaka yake ya bahari, ZMA, usidhani ukimalizana na Dar umemaliza, na kuvuka kwenda Kenya ni uhamiaji na forodha kamili pande zote. Hifadhi za bahari kama Chumbe, Misali, Mafia na Kisite zina ada na sheria zake za nanga, usitupe nanga juu ya matumbawe popote pale, kwanza hutaipata tena.

Na ukipwelewa. Cha kwanza angalia saa, siyo chini. Yanajaa? Shusha matanga, peleka nanga kwa dingi (kiboti kidogo) upande wa kilindini, kaza amari (kamba ya nanga), tulia. Yanapwa? Una dakika chache tu: watu wote upande mmoja, tanga livutwe ili boti ilale na mkuku upungue, injini nyuma. Ikigoma acha kuchoma dizeli. Ilaze ielekee upande wa juu wa fungu, siyo upande wa kilindi, maana maji yakirudi yataingilia kwenye vifuniko kabla haijainuka. Funga vali zote, zima gesi, shuka ukague mawe chini ya ubavu, tia magodoro na tairi hapo boti itakapolala. Nanga peleka mbali kilindini sasa hivi kwa miguu, ni rahisi kuliko baadaye. Halafu chemsha chai nje kwenye mchanga. Mara ya pili kupwelewa tulikaa muda wa saa kumi hivi, akina mama waliokuwa wanatafuta pweza wakaja kutuangalia, mmoja akazunguka boti yote polepole, akagonga mkuku kwa mti wake wa pweza, akauliza, "Sasa hiki kimewekwa cha nini?"